Kontrola haifi bure

Baiskeli ya umeme ikigoma kuondoka, wa kwanza kutuhumiwa ni kontrola. Ni boksi la alumini linalopokea umeme wa betri na kuupeleka kwenye mota kwa kipimo; limefungwa skrubu, ndani halionekani, na ugonjwa usioeleweka husukumiwa humo. Kazi ya mezani imetufundisha mambo mawili tunayoyashikilia. Kwanza, kontrola nyingi zinazoletwa kama mbovu ni nzima. Zimekataa kazi kwa sababu kuna waya unaoziambia zikatae. Pili, ile iliyokufa kweli imeuawa na kitu, na kitu hicho bado kimo kwenye baiskeli kikiingoja kontrola mpya. Mtu anayebadilisha boksi bila kumtafuta muuaji atarudi dukani, pengine siku hiyo hiyo.

Tunazungumzia baiskeli yenye mota ndani ya habu, volti 48, wati 500 hadi 1000, nyaya nene tatu na sensa za Hall, yaani zile zinazoiambia kontrola sumaku za mota ziko wapi. Kwa volti 36, 60 au 72 njia ni ile ile, namba tu zinabadilika. Pikipiki za kubadilishana betri kama zile za Nairobi na Kigali tuziweke kando. Kule betri na kontrola husemezana kwa waya wa data, na kontrola ya dukani hata ikilingana volti haitapokelewa.

Vifaa ni vichache: mita yenye kipimo cha daiodi na mlio, bisibisi, spana ya nati za ekseli, chuma cha kulehemu na risasi yake, na taa nne za indiketa za pikipiki, volti 12 wati 10 kila moja. Kazi ya taa hizo itaonekana mbele. Kisha stendi ya kuinua gurudumu la mota lisiguse chini. Hilo la stendi halina mjadala. Waya hasi wa eksileta ukikatika wakati baiskeli imeshawaka, ishara huruka juu kana kwamba umezungusha hadi mwisho, na baiskeli huondoka yenyewe na kumvamia aliye mbele yake.

Anza na betri, na uipime ikiwa inafanya kazi. Betri ya lithiamu ya volti 48 yenye seli 13 mfululizo ikijaa husoma 54.6. Kontrola nyingi za 48 hujizima umeme ukishuka kati ya 40 na 42. Betri yenye seli zilizochoka husoma 51 ikiwa imetulia, kisha huanguka hadi 38 mara tu mota inapodai nguvu. Kontrola huzima, betri hupumua, volti hupanda, kontrola huwaka tena. Mwendeshaji husema "inakatakata", na kontrola inapelekwa kubadilishwa. Chomoa nyaya za swichi za breki, zungusha eksileta huku ukibana breki ya nyuma taratibu, na usome volti kwenye nyaya nene zinazoingia kwenye kontrola. Kisha pima vile vile kwenye mdomo wa betri. Tofauti ikizidi volti 1, umeme unapotelea njiani: plagi iliyoungua, kishikio cha fyuzi kilicholegea, au waya mwembamba kuliko mzigo. Ipapase plagi, iliyo na hitilafu utaihisi kwa joto.

Pembeni ya nyaya nene kuna waya mwembamba, kwa kawaida mwekundu, unaopitia kwenye swichi ya ufunguo au kwenye skrini. Huo ndio unaoiamsha kontrola. Swichi ikiwa imewashwa, waya huo usome sawa na betri. Ukisoma sifuri, kontrola haina kosa: amri ya kuamka haijaifikia.

Breki zisikuchukue muda. Swichi iliyo ndani ya mkono wa breki hukata mota, na sumaku yake au chemchemi ikishikwa na kutu hubaki kama breki imebanwa daima. Mjini pwani, ambako chumvi iko hewani, hili halikosi. Chomoa swichi zote mbili, ujaribu tena. Ikiondoka, umemaliza.

Sasa twende kwenye volti 5, maana hapa ndipo fundi anapopata ukweli mwingi kwa jitihada ndogo. Kontrola hupunguza umeme wa betri hadi karibu volti 5 na kuugawa kwa eksileta, sensa ya pedali na sensa za Hall za mota. Wote wanakula sahani moja. Mmoja akipiga shoti, wote wanalala njaa na baiskeli nzima inaonekana imekufa. Pima kwenye plagi ya eksileta kati ya waya mwekundu na mweusi: tarajia 4.2 hadi 5.1. Ukikuta sifuri au volti 1 na kitu, chomoa eksileta, pima tena upande wa kontrola. Bado? Chomoa sensa ya pedali. Bado? Chomoa plagi ya Hall. Volti 5 zikirudi baada ya kuchomoa kitu, hicho ndicho kibovu. Zisiporudi hata vyote vikiwa vimetoka, basi sehemu ya kontrola inayotengeneza volti 5 imekwisha.

Na ulizia kwa nini imekwisha. Eksileta nyingi zina taa za kuonyesha chaji au kitufe cha kuwashia, na kwa hiyo plagi yake hubeba waya wa volti 48 ubavuni mwa waya wa volti 5. Maji ya mvua, au ya pampu ya kuoshea pikipiki, yakiingia humo, volti 48 huvuja hadi upande wa 5. Pigo hilo huweza kuua kontrola na sensa zote tatu za Hall kwa pamoja. Ndiyo maana kontrola mpya hufungwa na mota bado inatetemeka: sensa nazo zilikufa siku ile ile. Ukikuta kijani cha kutu kwenye plagi ya eksileta, ikate, ulehemu upya, ufunike kila waya kwa mrija wake unaosinyaa kwa joto.

Volti 5 zikiwepo, pima waya wa ishara wa eksileta, mara nyingi wa kijani au mweupe. Mkono ukiwa umeachiwa usome volti 0.8 hadi 1.1; ukizungushwa taratibu, volti zipande bila kuruka hadi 3.5 au 4.2. Ukianzia juu, tuseme 1.5, kontrola nyingi hukataa kuondoka kwa usalama wako, na zina haki. Mara nyingi ni sumaku iliyohama ndani ya mkono au mpini uliobanwa na mpira.

Hadi hapa hujagusa kontrola yenyewe, na mara nyingi hutahitaji kuigusa.

Kama bado, zima, chomoa betri, uzungushe gurudumu kwa mkono. Mota isiyo na gia huwa na mnato mdogo wa sumaku, lakini huzunguka. Ikiwa inagoma kwa mikikimikiki, kana kwamba kuna mtu anabana na kuachia, kuna shoti kati ya nyaya nene. Mota yenye gia ndani izungushwe kinyumenyume, maana kwenda mbele huwa haishiki na haitakuambia kitu. Sasa chomoa nyaya nene tatu, njano, kijani na buluu, hakikisha ncha hazigusani, uzungushe tena. Gurudumu likiwa jepesi, shoti iko ndani ya kontrola. Likibaki zito, shoti iko kwenye mota au kebo yake, na ole wake atakayefunga kontrola mpya juu ya mota hiyo.

Kipimo cha kuthibitisha ni cha daiodi. Kontrola iwe imetengwa na betri na mota. Kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya betri kutolewa, kwa hiyo kwanza gusisha zile taa nne zilizoungwa mfululizo kati ya nyaya nene za betri, upande wa kontrola, kwa sekunde chache. Weka mita kwenye daiodi. Ncha nyekundu iguse waya mnene mweusi wa betri, ncha nyeusi iguse njano, kisha kijani, kisha buluu: kila moja 0.4 hadi 0.6. Halafu ncha nyeusi iguse waya mnene mwekundu, nyekundu ipite kwenye zile tatu: tena 0.4 hadi 0.6. Namba hizi sita zinatakiwa zifanane kama ndugu wa tumbo moja. Ikisoma 0.00 na mita ikalia, mosfeti ya upande huo, yaani swichi ya kielektroniki inayofungua na kufunga umeme wa mota, imeungua na kuwa kipande cha waya. Kontrola hiyo imehukumiwa.

Kuna kifo kingine kisichoonekana kwa kipimo hiki. Mosfeti ni nzima lakini sehemu inayozifungua na kuzifunga imekufa kwa fezi moja, yaani kwa mmoja wa zile nyaya nene tatu za mota. Badili kipimo kiwe cha ukinzani, pima kila waya wa fezi dhidi ya waya mweusi wa betri. Tatu zikifanana, sawa. Mbili zikisoma kilo-omu 12 na ya tatu 3, au ya tatu ikawa haisomi, umeipata. Dalili barabarani ni mota kutetemeka na kunguruma bila kuzunguka. Ila tahadhari: fezi iliyolegea kwenye plagi hutoa mtetemo ule ule, na sensa ya Hall iliyokufa pia. Usihukumu kwa dalili pekee.

Kwa hiyo sensa za Hall lazima zipimwe, na zipimwe zikiwa zimechomekwa, kwa sababu zinategemea kontrola ili ishara yake ipande. Ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya plagi, hata kwa sindano. Washa, usiguse eksileta, zungusha gurudumu polepole sana kwa mkono. Kila waya wa ishara, yaani njano, kijani na buluu nyembamba, uruke kati ya karibu 0 na karibu 5. Usioruka una sensa iliyokufa au waya uliokatika. Sensa za mota nyingi hupangwa kwa nyuzi 120, na kwa mpangilio huo haiwezekani zote tatu zikawa juu kwa pamoja au zote chini kwa pamoja. Ukikuta hivyo, kuna sensa inayodanganya. Kubadilisha sensa ni kazi ya kufungua mota na kulehemu vipande vitatu vidogo. Hakuna sababu ya kununua mota nzima.

Tuseme sasa kontrola imekufa kweli. Nani ameiua?

Mshtakiwa wa kwanza kwetu ni nati ya ekseli. Ekseli za mota nyingi za baiskeli ni milimita 12 au 14, zimechongwa pande mbili zikabaki milimita 10 ili zikae kwenye mdomo wa fremu. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli nayo husukumwa kinyume. Nati zikilegea, au mdomo wa fremu ukiwa wa alumini laini, ekseli huzunguka ndani ya mdomo na kuisokota kebo inayopita katikati yake. Ngozi za nyaya huchubuka, fezi hugusana, au fezi hugusa waya wa Hall na kupeleka volti 48 kwenye njia ya 5. Angalia kebo pale inapotokea kwenye ekseli. Ikiwa imebonyea au imesokotwa, irekebishe kabla ya jambo lolote. Kisha funga bamba la chuma cha pua la kuzuia ekseli isizunguke, unene wa milimita 5 au zaidi, pande zote mbili kama mota inazidi wati 500, na nati zikazwe kwa nyutonimita 40 hivi. Bamba hilo ni kipande cha chuma tu na fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kulichonga. Tunaumia kuona baiskeli zikiondoka dukani bila hilo.

Mwingine ni volti za kupitiliza. Kontrola za 48 kwa kawaida huwa na kapasita za volti 63, na mosfeti zinazotumika sana ndani yake, 75NF75, mwisho wake ni volti 75. Mtu akifunga betri ya 60, ambayo ikijaa hufika 67.2, kapasita zimeshapitwa na mosfeti zimebaki na nafasi isiyotosha kwa miruko ya umeme inayotokea kila zinapokata. Itakwenda kasi nzuri wiki moja au mwezi, kisha moshi. Jamaa yake ni yule anayeongeza risasi kwenye vijiti vya kupimia mkondo ili kontrola idhani inatoa kidogo. Hapo umeifumba macho tu, na mosfeti hazikuongezwa hata moja.

Mzigo pia huua, lakini kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Kupanda kilima na magunia mawili kwa mwendo wa mtu anayetembea kunaumiza kontrola kuliko kukimbia tambarare. Mota inapozunguka polepole huvuta mkondo mkubwa kwenye fezi, na kontrola iliyofichwa kwenye mfuko wa kitambaa haina pa kupeleka joto. Saidia kwa pedali mwanzoni mwa mlima.

Kutengeneza mosfeti iliyoungua kunawezekana. Badilisha ile iliyokufa pamoja na mwenzake wa fezi hiyo, pima vipingamizi vidogo vinavyoelekea mguuni mwake na transista zinazoiendesha, rudishia grisi ya kupitisha joto na karatasi ya kutenganisha. Ukisahau karatasi hiyo, mgongo wa mosfeti utagusa boksi la alumini na utaanza upya. Kwa kontrola ndogo ya mosfeti 6, kununua mpya kwa kawaida kuna maana zaidi. Kwa ya 12 au 18, tengeneza.

Ukinunua, usiishie kusoma "48V 500W" kwenye stika. Soma ampea. Ampea za juu za kontrola zisizidi zile ambazo ubao wa ulinzi wa betri unazitoa mfululizo: ubao wa ampea 30 na kontrola ya 22 ni ndoa nzuri, kontrola ya 35 itaukata ubao kila mlima. Hakikisha nyuzi 120, kiwango cha kujizima kinacholingana na betri yako, na kama breki ni za kugusa hasi au za kupokea volti 12. Kama baiskeli ina skrini, nunua kontrola na skrini kwa pamoja au uhakikishe ni za mtengenezaji mmoja. Skrini isiyojua lugha ya kontrola itawaka vizuri na kutoa namba za hitilafu mchana kutwa.

Kabla ya kuchomoa chochote, piga picha kila plagi kwa karibu. Plagi mbili zinaweza kuingiana barabara na bado mpangilio wa nyaya ndani yake ukatofautiana, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupeleka volti 48 kwa sensa. Pima kila pini upande wa kontrola mpya, ikiwa imewashwa peke yake, kabla ya kuchomeka eksileta na Hall.

Kuiwasha huko kwa mara ya kwanza ndiyo kazi ya zile taa nne. Ziunge mfululizo kwenye waya chanya kati ya betri na kontrola. Kontrola nzima itazifanya zimulike kidogo kapasita zinapojaa, kisha zizime. Zikiendelea kuwaka, kuna shoti, na umeme unaopita hauzidi ampea 1 kwa hiyo hakuna kilichoungua. Zimezima? Zitoe, chomeka moja kwa moja. Cheche itakayotokea ni ya kapasita kujaa ghafla. Inakula pini za plagi, kwa hiyo ni vizuri kutumia plagi yenye kizuia cheche.

Rangi za nyaya kati ya kontrola moja na mota nyingine hazina mkataba. Kontrola nyingi za sasa zina nyaya mbili nyembamba za kujifunza: ziunganishe, washa, gurudumu litazunguka lenyewe hewani. Likirudi nyuma, zitenganishe na uziunganishe tena; likienda mbele laini, zitenganishe moja kwa moja na uzifunge kwa tepu. Kama hazipo, acha nyaya za Hall zilivyo na ujaribu mipangilio sita ya zile nene, ukizungusha eksileta kidogo sana na betri ikichomolewa kila unapobadilisha. Usiridhike kwa sababu gurudumu linazunguka. Kuna mpangilio unaozungusha kwa kelele huku ukivuta ampea 5 na zaidi bila mzigo, wakati ule sahihi kwa kawaida huvuta chini ya 2. Huo wa kelele utaunguza kontrola mpya mlima wa kwanza.

Ifunge mahali penye upepo, mgongo wake ukigusa chuma cha fremu, midomo ya nyaya ikitazama chini. Kila kebo ishuke kidogo chini ya kontrola kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondokee hapo. Usizibe boksi lote kwa silikoni. Unyevu uliobaki ndani hautatoka tena, na kwa joto la mchana na ubaridi wa usiku utageuka maji juu ya ubao. Ziba pale nyaya zinapoingia, acha tundu dogo upande wa chini.

Endesha dakika kumi, na kilima kimoja kiwemo. Simama, zima, gusa kontrola: vuguvugu ni sawa, lakini usipoweza kuacha kiganja kwa sekunde tatu, ama haipati hewa ama inabebeshwa kuliko uwezo. Kisha gusa plagi tatu za fezi moja moja. Iliyo moto kuliko wenzake haijabanwa vizuri. Ikate na uilehemu kabla baiskeli haijatoka. Na baada ya kilomita 50, rudi na spana kwenye nati za ekseli.